Dola 7500 za mwaka 1956, na Kiswahili chenye mashine haisikie

Juma lililopita, katika kipindi chetu cha simu, mama mmoja mwenye kuishi kambini alituuliza swali lenye lilinyamazisha studio. Alikuwa amesikia katika habari za asubuhi kama vyuo vikuu fulani vya ngambo vimepewa pesa za kuanzisha utafiti wa pamoja juu ya akili bandia. Akasema: «Mwanangu, sisi tunalala ndani ya hema, mvua inatukuta humo, unga umeisha tangu siku ya tatu. Hizo pesa zenye wanapatia mashine ili ifikiri, zingenunua magunia ngapi?»

Muda wa kipindi ulikuwa umeisha, nikamuahidi kama nitarudilia swali lake. Ninalirudilia hapa kwa maandishi, kwa sababu jibu ni refu na linaanzia mbali: Marekani, mwaka wa 1955, kwa barua ya kuomba pesa. Nyinyi wenye mumeishi karibu na mashirika munajua barua za namna hiyo.

Barua ilikuwa na tarehe 31 mwezi wa 8. Wenye walitia majina walikuwa watu wane. John McCarthy, mwalimu kijana wa hesabu katika Dartmouth College, chuo cha muji mdogo wa Hanover. Marvin Minsky wa Harvard, mtu wa rika lake. Wote wawili walizaliwa 1927. Nathaniel Rochester wa kampuni IBM, mmoja wa wale walitengeneza ordinatere yenye iliitwa 701. Na Claude Shannon wa maabara ya Bell, mwenye alikuwa na jina kubwa tangu 1948 kwa sababu ya hesabu zake juu ya namna habari inapita ndani ya waya.

Waliomba nini? Watu kumi wakae pamoja miezi miwili, wakati wa joto wa 1956, watafute kama mambo yenye akili ya mtu inafanya, kujifunza, kutumia luga, kutatua shida, yanaweza kuelezwa vizuri mpaka mashine iyaige. Ni katika barua hiyo maneno «akili bandia» yalitumiwa kuwa jina la kazi hiyo yote. Bajeti ilikuwa dola 13 500. Kila mwalimu apate 1200 kwa miezi miwili, zingine ziwe za safari, nyumba na karatasi.

Waliituma kwa Shirika la Rockefeller, kule New York. Mkubwa mwenye alishugulika na barua yao, Robert Morison, alikuwa anaongoza mambo ya biolojia na tiba, hakuwa mtu wa mashine. Hakushawishika sana. Aliona kama jambo lenyewe ni la kuvutia lakini bado halishikike vizuri, na kwa hiyo shirika lingeweza kujaribu bahati kwa pesa kidogo tu. Wakapata dola 7500. Kupita nusu, si sana.

Niruhusiwe kusema pembeni: tunafikiria kila mara kama ni sisi tu watu wa Kivu wenye tunaandika bajeti ya mradi na mfazili anaikata katikati. Hapana. Hata wale wenye walianzisha kitu chenye leo kinagawanya dunia, walikatiwa.

Basi wakati wa joto ulifika. Kama munafikiria watu kumi wenye kukaa kwenye meza moja miezi miwili, haikuwa vile. Wengine walikuja juma mbili, wengine siku chache, mmoja anafika wakati mwingine anaondoka. Wenye walibakia tangu mwanzo mpaka mwisho ni McCarthy, Minsky na Ray Solomonoff tu. Kila mtu alikuja na wazo lake mfukoni na wengi walirudi nalo vile vile. McCarthy mwenyewe alisema baadaye kama hakufurahia namna watu hawakukutana wote pamoja.

Lakini Allen Newell na Herbert Simon walikuja na kitu chenye kilikuwa kinatembea tayari. Simon alikuwa mwalimu katika chuo cha Carnegie, muji wa Pittsburgh. Newell na mwenzao Cliff Shaw walikuwa wa shirika RAND. Walikuwa wameandika programu yenye inaweza kuhakikisha kanuni za mantiki. Walitwaa kitabu kikubwa cha hesabu cha Whitehead na Russell, wakachagua kanuni 52 za kwanza za sura ya pili, na programu ilifaulu 38. Ilitafuta njia, ikakosea, ikajaribu njia nyingine, karibu sawa na mwanafunzi mbele ya ubao. Newell na Simon hawakupenda hata jina «akili bandia». Jina lilibakia hivyo hivyo.

Sasa, dola 7500 zilinunua nini? Mashine hazikununua. Zilinunua tiketi, chakula na vitanda ili watu wa Harvard, wa Carnegie, wa Dartmouth, wa IBM na wa Bell wajuane kwa sura. Walipoachana, kila mmoja alikwenda kupanda pahali pake. Kabla miaka kumi haijaisha, kulikuwa vituo vikubwa vya kazi hiyo MIT, Carnegie na Stanford, na vyote vitatu viliongozwa na watu wenye walipita Hanover. Hiyo ndiyo inaitwa pesa ya mbegu. Mkulima anaelewa neno hilo kuliko profesa: kilo moja ya maharagi ya kupanda si kilo moja ya maharagi ya kupika.

Pesa kubwa zilikuja nyuma, na hapa sitawaficha: zilitoka kwa jeshi. Mwaka wa 1963, ofisi ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ARPA, iliipa MIT zaidi ya dola milioni 2 kwa mradi mmoja. Ilikuwa wakati wa uhasama kati ya Marekani na Urusi, na mashine zenye kufikiri zilihesabiwa pamoja na roketi. Kwa watu wenye vita imewatoa ndani ya nyumba zao, hilo si jambo la kupita mbio. Mengi kati ya yale tunabeba leo ndani ya telefone yalilipwa kwanza na watu wenye walikuwa wanajitayarisha kwa vita.

Kisha kulikuwa ahadi, na ahadi ziliharibu mengi. Mwaka wa 1954, mbele hata ya Hanover, chuo kikuu cha Georgetown na IBM walionyesha wandishi wa habari mashine yenye ilitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi katika Kingereza. Ilikuwa na maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Magazeti yalishangilia, na ikasemwa kama ndani ya miaka mitatu ao mitano kazi itakuwa imemalizika. Mwaka wa 1966, kamati ya wataalamu ikapima na kukuta kama tafsiri ya mashine inakwenda polepole, inakosea zaidi, na inagharimu karibu mara mbili kuliko ya mtu. Serikali ya Marekani ikafunga mfuko. Mwaka wa 1973, profesa James Lighthill aliandika ripoti kali kule Uingereza, na huko pia pesa zikakatwa isipokuwa kwa vyuo vichache. Simon alikuwa amesema mwaka wa 1957 kama ndani ya miaka kumi ordinatere itakuwa bingwa wa dunia katika mchezo wa sataranji. Ilimushinda bingwa wa dunia mwaka wa 1997. Simon alikosea kwa miaka 30.

Munaona kama historia hii inafanana na nini. Mradi unakuja na gari na mabango, unaahidi maji ndani ya miezi sita, miezi inaisha, gari linaondoka na bomba linabakia kavu.

Na sisi, wakati ule, tulikuwa wapi? Mwaka ule ule wa 1956, Wabelgiji walifungua chuo kikuu cha serikali Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Lovanium, kule Léopoldville, ilikuwa na miaka miwili tu. Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabiwa, na hata siku ya uhuru, 1960, walikuwa wachache sana. Lakini mwaka wa 1959 Lovanium ilipewa kinu cha nuklia cha utafiti, cha kwanza katika Afrika. Tulikuwa na uranium ya Shinkolobwe, ndiyo maana. Ninapenda kuweka mambo hayo mawili kando kwa kando. Kule, pesa kidogo za kukutanisha watu bila mashine. Hapa, mashine kubwa, na wanafunzi wa inchi wenyewe wakiwa wachache wa kuigusa. Halafu 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote kuwa kimoja, na 1981 ikavigawanya tena kuwa vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Vichwa havikukosekana. Ila kila mara mtu alipopanda, shamba lilibadilisha mwenyewe.

Turudi kwenye mbegu. Mwaka wa 2004, wakati karibu kila mtu alikuwa amechoka na wazo la mashine yenye inajifunza kwa kuiga mishipa ya ubongo, shirika moja la utafiti la Kanada, CIFAR, lilikubali kumusaidia Geoffrey Hinton wa chuo kikuu cha Toronto akusanye wenzake wa vyuo mbalimbali. Kati yao kulikuwa Yoshua Bengio wa Montréal na Yann LeCun wa New York. Tena pesa hazikuwa nyingi; tena kazi yake kubwa ilikuwa kuwaweka ndani ya chumba kimoja watu wenye wengine waliwacheka. Mwaka wa 2012, Hinton na wanafunzi wake wawili walishinda kwa mbali katika shindano la kutambua picha. Wale watatu walipewa tuzo ya Turing ya mwaka wa 2018, na Hinton akapata Nobel ya fizikia mwaka wa 2024. Mashine zenye leo zinaandika na kuongea zinatoka katika njia hiyo.

Na hapa, mama, ninakaribia unga.

Mwaka wa 2017, watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, na wa taasisi IITA yenye inafanya kazi Tanzania, walitoa matokeo ya jambo dogo. Walikuwa wamepiga picha 2756 za majani ya mihogo kwenye mashamba ya pwani ya Tanzania, majani mazima na ya ugonjwa, wakafundisha mashine itofautishe. Mwaka ule ule walipata dola 100 000 kutoka mfuko wa mashirika ya utafiti wa kilimo, wenye ulitaka hasa vikundi vyenye vinaunganisha taasisi mbalimbali. Kikatoka kifaa cha telefone chenye kiliitwa Nuru, jina la Kiswahili. Unasogeza telefone kwenye jani, inakuambia kama ni mozaiki, kama ni ile michirizi ya kahawia, ao kama ni wadudu. Inafanya kazi bila intaneti. Kule Kampala, chuo kikuu cha Makerere kilikuwa tayari kinafanya kazi ya namna hiyo kwa mihogo ya Uganda.

Mwenye alilima mihogo Masisi, Rutshuru ao Kalehe anajua mozaiki bila telefone. Anaiona jani linapojikunja na kuwa na madoa ya manjano. Lakini kuiona mapema, wakati miche michache tu imeguswa na bado inaweza kung'olewa, ni jambo lingine. Shamba likishikwa lote, hakuna fufu na hakuna sombe. Sitasema kama Nuru inaponyesha mihogo, haiponyeshe. Inasema jina la ugonjwa tu. Na mwenye shamba lake liko upande wa pili wa mstari wa vita, hata jina halimusaidie leo.

Jambo la pili ni luga, na kwangu mimi mwandishi wa redio ndilo linauma zaidi.

Munakumbuka Ebola, yenye ilitangazwa Mangina mwezi wa 8 mwaka wa 2018 na kuisha mwezi wa 6 mwaka wa 2020. Zaidi ya watu 2200 walikufa. Wenye walifanya utafiti juu ya luga wakati ule, Beni na hapa Goma, walikuta kitu chenye sisi tulikuwa tunaona kila siku: mabango yalikuwa ya Kifaransa ao ya Kiswahili sanifu cha mbali, na watu hawakuelewa vizuri, ao walielewa kinyume. Neno moja lisilo pahali pake lilitosha ili familia ikatae timu ya afya. Hapo ndipo wengi walijua kama «Kiswahili» si kimoja.

Wakati huohuo mbegu za luga zilianza kupandwa Afrika. Kundi linaloitwa Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya «tujenge pamoja», lilianza 2019, watafiti wa inchi nyingi wakifanya kazi kwa kujitolea, wengi bila mshahara wa kazi hiyo. Mwaka wa 2020 ukaanzishwa mfuko wa Lacuna, wa kulipia ukusanyaji wa maneno, sauti na picha zenye mashine zinajifunzia. Na nani alikuwa kati ya waanzilishi wake? Shirika lile lile la Rockefeller, pamoja na Google.org na taasisi ya utafiti wa maendeleo ya Kanada. Miaka 64 baada ya dola 7500, mkono ule ule. Kwa pesa za mfuko huo, vyuo vitatu vya Kenya, Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, vilikusanya pamoja maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya. Kwa Kiluhya walitwaa lahaja tatu, kila moja kwa jina lake. Nilipojua hivyo nilifurahi na nikaona wivu. Kama Kiluhya kinaweza kuhesabiwa lahaja kwa lahaja, basi hakuna sababu ya kutufunika sisi wote chini ya Kiswahili cha Dar es Salaam.

Kwa sababu mashine inasema yenye ilifundishwa. Kiswahili chenye ilisoma zaidi ni cha magazeti ya Tanzania na Kenya. Mama wa hapa kwetu akitaka musaada hasemi «watoto wana homa, hawajala tangu jana». Anasema «batoto beko na homa, habakule tangu jana». Mtu wa Mombasa atakunja uso kidogo na kuelewa. Mashine inaweza kuandika kitu kingine kabisa, na haikunje uso.

Tulipata mbegu moja ndogo. Mwaka wa 2020, wakati wa COVID-19, chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ndicho kile cha Simon, na chuo kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na shirika la watafsiri wasio na mipaka na makampuni makubwa, walitengeneza mkusanyo wa sentensi 3071 zenye zilitafsiriwa katika luga nyingi ili kupima mashine za kutafsiri. Katika orodha kulikuwa Kiswahili, na mstari mwingine, peke yake: Kiswahili cha Kongo. Lingala pia ilikuwemo. Sentensi hizo ni juu ya ugonjwa ule na mambo ya afya. Juu ya bei ya mahindi, juu ya kuandikisha mtoto mwenye alipotezana na wazazi wakati wa kukimbia, juu ya shamba, hazikutengenezwa kwa hayo.

Kuna pia njia ya kutoa sauti bure. Mradi Common Voice wa Mozilla, wenye mwaka wa 2021 ulipata dola milioni 3,4 hasa kwa ajili ya Kiswahili, unaomba watu wasome sentensi na wengine wahakikishe. Kinyarwanda, luga ya jirani, kimekwisha kuwa na saa zaidi ya 2000 za sauti humo, juu ya watu wa kawaida wenye walisoma mbele ya telefone. Lakini lazima tuseme na hii: sauti hizo zinakuwa za kila mtu. Kampuni yoyote, hata tajiri kuliko inchi yetu, inaweza kuzitwaa bila kulipa franga. Wengine wananiambia ni sawa, kwani bila hivyo hatutasikiwa kamwe. Wengine wanasema kobalti na koltani zimetosha, sasa wanataka na sauti. Sijamaliza kuchagua upande.

Mama, umeuliza magunia ngapi. Sijakwepa swali. Pesa zile hazingefika kwako hata kama zisingekwenda kwa mashine, kwa sababu mfuko wa chakula ni mwingine, na wenye wanaukata ni wengine; hao ndio tunapaswa kuwauliza, na nitawauliza. Ila kama vyuo vyetu vya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira vingepewa hata zile 7500 za kukutana, na kama ningekuwa na ruhusa ya kusema nani aketi mezani, ningependa mmoja awe mama mwenye anajua kusema homa ya mtoto kwa Kiswahili cha hapa. Mwaka wa 1956 katika orodha ya Hanover hakukuwa hata mwanamuke mmoja.

Kipindi cha simu kinarudi siku ya ine, saa kumi na moja ya mangaribi. Nilijaribu mara mbili kupiga ile namba yenye mama alitumia, ilikuwa imezimwa. Mwenye anamujua, kama mko kambi moja, amuambie laini iko wazi.